Vishimo vya Kuazima

Kanuni yangu darasani ni moja, na wanafunzi huiimba hata kabla sijaingia: chora unachokiona, siyo unachokijua. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ukimwacha ajiamulie, atachora jicho kama samaki na kuliita jicho. Kwa hiyo muhula huu nilimpa kila mmoja kioo kidogo na penseli, nikawaambia wajichore wenyewe, na atakayejipendelea atanitambua.

Msichana mmoja tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukai kimya. Kwenye kazi hiyo alinyamaza. Alichora, akafuta, akachora tena mpaka karatasi ikaanza kuota manyoya. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na nilikuwa nimebuni mchezo ulionivimbisha kichwa: picha zingetundikwa ukutani, majina yakiwa nyuma, na kila mzazi amtafute mwanawe.

"Safari hii baba atakuja," aliniambia. Baba yake ni dereva wa lori la safari za mbali, hajawahi kukanyaga shuleni kwetu. "Mwalimu, unadhani atanijua?"

"Kwa masikio hayo? Akikosa, naacha kazi."

Alicheka. Masikio yake ni makubwa, yamesimama kama vipini vya sufuria, na alikuwa ameyachora bila kuyaonea haya. Ilikuwa picha bora ya darasa zima, na mimi si mtu wa kugawa sifa ovyo.

Baba alifika kabla ya wote, kucha bado zina weusi wa grisi ingawa ilionekana amezisugua. Nilipomwona nusura nicheke: masikio yaleyale! Nikajua mchezo umekwisha kabla ya kuanza. Chiriku alisimama kando ya dirisha, mikono nyuma, amebana pumzi.

Baba akafika kwenye picha ya mwanawe, akaitazama, akapita. Akaenda kusimama mbele ya picha ya msichana anayekaa na Chiriku dawati moja, mwenye uso wa mviringo na vishimo mashavuni.

"Huyu hapa!" akasema kwa kishindo. "Damu yangu nisiijue?"

Nilidhani anatania. Nikamgeukia Chiriku, labda anipe dalili kwamba baba yake ni mtu wa mizaha.

"Umepatia, baba!" akasema Chiriku, akapiga makofi.

Mwenzake wa dawati akafungua mdomo. "Lakini hiyo ni ya..." Akakanyagwa mguu na Chiriku, akafunga mdomo.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Niseme? Nimwaibishe mtu mzima mbele ya mwanawe? Ninyamaze, mimi niliyepiga kelele muhula mzima watoto wachore ukweli? Wakati mimi najiuliza, baba akaomba kuichukua picha akaitundike kwenye lori, awe anaiona njiani.

"Subiri niifunge vizuri," akasema Chiriku. Akaipeleka dawati la nyuma, akaigeuza, na nikamwona anafuta jina la mwenzake na kuandika lake. Baba akanishika mkono, akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe, akaondoka anatabasamu.

Baadaye akaingia mama wa yule mwenzake wa dawati, anahema. Alizunguka ukuta wote, akarudia.

"Mwalimu, mbona wangu simwoni?"

Nikamwambia picha ya mwanawe imependwa mno, imeazimwa. Sijui uongo huo ulitoka wapi.

"Haya. Ila huyu namjua," akasema, kidole kwenye picha ya Chiriku. "Si yule anayekuja kwangu kufanya kazi za shule? Jamani, ni yeye mtupu! Mpaka anavyotaka kusema kitu."

Chiriku alikuwa nyuma yangu. Akasema asante, mama, kisha akaenda kupanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Wiki nzima jambo hilo lilinikosesha raha. Labda mwanga ulikuwa hafifu. Labda mtu anayeondoka mwanawe amelala na kurudi amelala hajui sura yake akiwa macho. Nilijaribu kumkasirikia yule baba, nikakumbuka tabasamu lake, hasira zikaniishia.

Kipindi kilichofuata niliweka chupa na maembe mezani, wachore. Chiriku hakuvitazama. Alikuwa na kioo, anabonyeza shavu kwa ncha butu ya penseli, anaachia, anajitazama, anabonyeza tena. Kwenye karatasi ulikuwepo uso wake, nywele zimefunika masikio, na vishimo viwili mashavuni.

"Chiriku, kanuni yetu inasemaje?"

"Chora unachokiona."

"Sasa hivyo vishimo unaviona wapi?"

"Bado, mwalimu." Hakuinua macho. "Ila baba anasafiri na ile picha kila siku. Akirudi atanilinganisha nayo. Sitaki akose tena."

Nilitaka kumwambia kwamba uso wake hauna kosa lolote. Nilitaka kulifukuza lile lori barabarani na picha yake ya kweli mkononi. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikafanya ninachokijua: nikachukua penseli, nikamwonyesha kivuli cha kishimo kinaanzia wapi.