Sekunde Nne

Kazini walimwita Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima. Mfumo wao wa kuita magari ya wagonjwa haukujua lolote wenyewe. Kila kitu uliomba kwa wengine mtandaoni. Huyu atoe ramani, yule atume ujumbe kwa dereva, mwingine aseme hospitali gani ina kitanda. Watoa huduma walikuwa wengi na wote walijisifu. Mizani aliwapa alama, akachagua, akawaunganisha wafanye kazi kama mtu mmoja.

Kwenye jedwali lake, haraka aliipa uzito wa tano. Upya wa taarifa, moja. Haraka haraka haina baraka, sawa, ila methali hiyo haikuwa na safu kwenye jedwali, na bosi wao, waliyemwita Bwana Sekunde, alitaka jibu kabla hujamaliza swali.

Siku tisa zilizopita gari lilimbeba baba yake Mizani, kifua kimembana. Mfumo ukasema hospitali ya karibu ina kitanda. Wakafika, hakipo. Wakageuza gari, baba akakata roho njiani, mkono wake umeshikwa na kaka yake Mizani. Tangu siku hiyo kaka anajilaumu kwamba alichelewa kupiga simu.

Asubuhi hii Mizani alirudi kazini. Alichana nywele, akaitikia pole za watu kumi, na moyoni hamkuwa na kitu. Ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Pole sana, dada," Bwana Sekunde alisema. "Usijichoshe. Ila ile huduma ya vitanda, hebu ikague leo."

Mizani akaziuliza huduma mbili za vitanda, aliyoichagua na aliyoikataa, swali moja: hospitali ile ina kitanda cha moyo? Ile aliyoichagua ikajibu papo hapo: kipo. Ile aliyoikataa ikasuasua. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha ikajibu: hakuna.

Akapiga simu wodini.

"Vimejaa tangu alfajiri," muuguzi akasema.

Kumbe ile ya haraka haikuwa ikiuliza hospitali. Ilikariri jibu la jana. Mwongo hachelewi, maana haendi kuangalia. Na jina lililoandikwa chini ya jedwali halikuwa la bosi.

Saa sita mama alipiga simu. Kila siku aliuliza lile lile.

"Mwanangu, wamejua nani alikosea?"

Angeweza kusema ni mashine. Watu husema hivyo na maisha yanaendelea.

"Ni mimi, mama. Kulikuwa na huduma mbili. Nikachagua ya haraka, nikaacha ya kweli. Kaka hakuchelewa."

Mama akanyamaza. Mizani akajikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Akapita kumi.

"Kaka yako utamwambia wewe mwenyewe," mama akasema. "Mimi siwezi."

"Sawa, mama."

Simu ilipokatika alisubiri kulia. Hakulia. Akautazama mkono ulioshika simu kama wa mtu mwingine, kisha akautumia kutafuta namba ya kaka.