Karatasi ya Faida Mlangoni

Akonkwa aliipigilia ile karatasi mlangoni kwa misumari minne, mmoja kila pembe, na mama yake mkubwa, Nshobole, ndiye aliyemshikia kopo la misumari. Juu iliandikwa kwa wino mwekundu: FAIDA ZA SISTEME MPYA. Chini yake mistari mitatu, kisha jina lake na neno "technicien", yaani fundi, lililopigiwa mstari mara mbili.

Chumba kilikuwa cha umoja wa akina mama wa mtaa wa Mapendo. Ndani, juu ya ubao uliolazwa kwenye mawe manne ya volkano, ilikaa seva, sanduku jeusi la kutunza kopi za karatasi zao zote: fishi za viwanja, yaani hati zao za ardhi, vyeti vya ubatizo, diplome za watoto. Waliinunua baada ya mlima kuwaka mwaka 2021, kwa sababu wengine walikimbia na godoro kichwani wakasahau karatasi nyumbani. Nshobole, mjane aliyesoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya primaire, alivaa ufunguo wa chumba shingoni. Kila asubuhi aliipangusa seva vumbi jeusi kwa kipande cha kitenge, kwanza mgongo, halafu matundu ya pembeni inapopumulia. Joto lake alilijua kama la mtoto mwenye homa.

Sisteme yake, yaani ile inayoiambia mashine ifanye nini, ilikuwa imezeeka, na walioitengeneza walishaacha kuitunza. Fishi ya mwanachama mmoja, Victoire, ilikutwa kwenye faili la mwenzake Patricia. Cheti cha muzee Damascène hakikuonekana tena kabisa. Basi akina mama wakaagiza sisteme mpya. Ikaja kwenye boksi lililofungwa, na ndani nambari ya siri inayokubali mashine moja tu. Nshobole akasimama kikaoni.

"Mutu wa kuiweka iko. Akonkwa, mutoto wa marehemu mudogo yangu. Nilimubeba ku huu mugongo. Mukinitumainia miye, mumutumainie na yeye."

Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Akonkwa alijifungia siku mbili. Alipotoka, ile picha ya kilima cha kijani kwenye kioo cha mashine ilikuwa imeondoka, imekuja ya maji ya buluu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Béata, mjane wa Rutshuru, alingoja wengine watoke.

"Mama Nshobole, jumamosi wanaweka mupaka wa shamba letu kule Rutshuru. Wanataka karatasi yenyewe, hapana kopi. Na ile barabara unaijua, wanapora watu. Ikipotea njiani, hapa kopi itabakia?"

"Si umeona mwenye aliandika pale mulangoni?"

"Nimeona."

"Nipatie mpaka ijumaa. Nitakujibu."

Nshobole akasimama mlangoni, kidole chini ya mstari, akasoma polepole. Mstari wa kwanza: mashine itapokea marekebisho bila kuzimika. Wa pili: kila mtu ataingia na neno lake la siri, ataona karatasi zake tu. Wa tatu: karatasi ikifutwa, itarudishwa jinsi ilivyokuwa jana.

Jumatano saa sita mashine ikazimika yenyewe, ikawaka tena na mlio ule ule wa zamani, pi, pi, pi. Nshobole akampigia simu Akonkwa.

"Mutoto yangu, imezimika."

"Inameza marekebisho, mama. Ni kawaida."

"Mwandiko wako unasema haitazimika."

Akonkwa akacheka. "Eh, mama! Na weye unasoma ile vitu? Bado inazoea."

Alhamisi Nshobole akaingia na neno lake la siri. Akaona fishi ya Béata. Akaona diplome ya binti wa Patricia, pointi zake zote. Akageuza macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mwenzake ndani.

Ukabaki mstari wa tatu. Hakutaka kuujaribu kwa karatasi ya mtu. Akatafuta kopi ya cheti chake cha ndoa na marehemu Buhendwa, akaifuta. Cheti chenyewe kilikuwa kwenye valizi chini ya kitanda. Ijumaa asubuhi akaiomba mashine ile ya jana. Mashine ikajibu haina kitu. Akaomba mara tatu, akanywa maji, akaomba ya nne.

Saa sita Akonkwa akaja kula kwake, kama kila ijumaa. Nshobole akamwacha anawe, akamsogezea bugali na samaki wadogo wa sambaza, naye hakuketi.

"Sisteme mpya iko wapi?"

Tonge likasimama njiani.

"Mama..."

"Nimekuuliza iko wapi."

"Iko kwa Fiston, mu mujini, ku duka lake la mashine. Nilimupelekea ile nambari, njo akanipatia kazi." Akashusha sauti. "Hapa nilibadilisha picha tu."

"Uirudishe."

"Haiwezekane, mama. Nambari ikishatumika, imetumika."

"Na karatasi ya mulangoni?"

"Nilikopi maneno ya ku boksi. Ni nani angeyajaribu? Wamama wa hapa wanaangalia picha. Hawasomake."

Nshobole akaitazama meza. Ni mbao hizi hizi. Mwaka shule zilipofungwa alimketisha hapa, akakishika kidole chake kidogo na kukivuta chini ya mistari, neno kwa neno, mpaka mtoto akajua kusoma.

"Maliza kula," akasema. "Halafu usirudie hapa mpaka nikuite."

Saa tisa akina mama walikuwa kwenye mabenchi. Nshobole akang'oa karatasi mlangoni, msumari mmoja mmoja, akairudisha misumari koponi. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Haikuwekwa," akasema.

Akasoma wa pili. "Haikuwekwa."

Wa tatu. "Haikuwekwa. Nimejaribu na karatasi yangu, imepotea. Hapa tuna sisteme ile ile ya zamani. Ya kweli hapa ni jina la mwenye kuandika, basi."

Kelele zikapanda. "Yee, mama! Si ulisema ni mutoto wako?" Patricia alipaza sauti.

"Ni mutoto wangu. Na miye njo nilisema mumutumainie." Akamgeukia Béata. "Béata, karatasi yako usiitembeze. Ikipotea, hapa haitakungojea."

Béata alikuwa ameshaifunga kwenye plastiki mbili kwa ajili ya safari. Akaipapasa, akairudisha kifuani chini ya blauzi.

"Basi kesho wataweka mupaka bila miye," akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma Nshobole kuliko kelele zote.

Akauvua ufunguo shingoni, akauweka juu ya benchi, katikati yao. Hakuna aliyenyoosha mkono.