Mstari Mtupu wa Arobaini na Saba

Jumanne saa tatu asubuhi Nziza alifungua papeteri, duka la karatasi la Mbugangari, akapangusa vumbi kwenye mashine ya fotokopi, akaficha termosi ya chai ya maziwa chini ya meza ili mwenye duka, Védaste, asiione akaimaliza, kisha akawasha kompyuta ya zamani. Kompyuta ile haikuwa na picha za kubofya. Ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi meupe, na ukitaka kitu unaandika amri, unabonyeza, inatii. Aliyemfundisha kuitumia ni fundi mmoja wa Goma ambaye baadaye alihamia Bukavu na mke wa mtu, lakini hayo ni mengine.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa orodha ya watu waliobebewa nyumba na Mto Sebeya ulipofurika mwezi wa tano. Kamati ya kuwajengea upya ilikuwa imepata kiwanja kilimani, upande wa Nyakiriba, na mwenyekiti wake, bwana Muhire, alileta daftari lililojaa mwandiko wake. Jina moja mstari mmoja, mstari mmoja nyumba moja. Nziza aliyaingiza yote kwenye faili, mistari sitini na tatu. Kisha akaandika amri ya herufi mbili, n na l, ambayo kazi yake ni hiyo tu: inapita kwenye faili toka juu hadi chini na kuweka namba kushoto mwa kila mstari.

Namba ya mwisho ikawa sitini na mbili.

Akapitia polepole kwa kidole. Arobaini na sita alikuwa Gasana. Arobaini na saba alikuwa Karekezi. Kati yao palikuwa na nafasi ya mstari mmoja isiyo na kitu. Akafungua faili lenyewe, na pale kati jina lilikuwepo, Bushira, herufi saba kamili. Akaita amri tena. Jina likaondoka, na amri, ambayo kwa kawaida haihesabu mistari mitupu, ikapita bila kuacha namba.

Nziza akaliandika kwa herufi kubwa. Akaongeza jina la baba. Akaweka nukta mwanzoni na nukta mwishoni. Kila mara faili lilikuwa na jina, na kila mara amri ilikuta mstari mtupu. Mwalimu aliyekuwa anangoja fotokopi alisema jina la mama yake nalo lilifanya hivyo mwaka juzi kwenye orodha ya mbolea, na akaomba wamharakishie karatasi zake. Saa tano Nziza alimpigia Bushira simu.

Bushira alifika na beseni la sambaza, vidagaa vya ziwani, kichwani. Alikuwa na sauti iliyozoea soko la Mahoko, kwa hiyo wapita njia walijua amefika kabla hajaingia. Tangu mafuriko yale, yeye na binti zake wawili walilala sebuleni kwa Mukashyaka, mke wa kaka yake, pamoja na watu wengine wanane. Mukashyaka alikuwa amesema, kwa upole na mbele za watu, kwamba mwaka mpya ukiingia kijana wake analeta mke, na sebule itahitajika. Bushira alikuwa na miezi mitano ya kupata pa kwenda.

"Dada Bushira, jina lako linaenda," Nziza alisema.

"Linaenda wapi?"

"Sijue. Mi naandika, amri ikipita haiko tena."

Bushira akatua beseni, akainamia skrini. "Hapo kati ya Gasana na Karekezi?"

"Hapo hapo."

"Kando ya Gasana! Bon, nimeelewa." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Gasana si ndiye mwenye nyumba yangu? Miaka tisa mi ndiye nilikuwa nalala mule. Yeye iko Kigali, hata mulango wa nyumba ile hajui unafungukia upande gani. Mi mto ulinibebea kitanda, sufuria, mabeseni, nguo za watoto. Yeye ulimubebea matofali. Na Muhire ni shemeji yake."

"Kwani wapangaji habahesabiwe?"

"Muhire alisema nyumba moja jina moja, la mwenye nyumba. Wapangaji wengine walisikia vile, wakarudi kwa wazazi. Wazazi wangu mi iko makaburini, nikakae nao? Nikasimama mbele yake mpaka akaniandika, juu batu walikuwa banatazama. Lakini aliandika na roho mbaya, donc jina halikushika."

Védaste, aliyekuwa amefika na kuigundua termosi, alitikisa kichwa na kusema ndivyo inavyokuwa.

"Iko njia moja," Nziza alisema. "Naweza kuiambia amri ihesabu mistari yote, hata mitupu. Naongeza b na a tu."

"Na jina litarudi?"

"Jina apana. Lakini utakuwa na namba."

Bushira akasogeza beseni lake kando. "Weka, sha. Mutu wa namba anaweza kugombana. Bila namba nitaanzia wapi?"

Nziza akaongeza. Namba zikashuka moja hadi sitini na tatu bila kuruka, na kwenye arobaini na saba palikuwa na namba, na kulia kwake hapakuwa na kitu. Bushira akacheka mpaka akashika ubavu. Akamwachia bakuli la sambaza na pilipili mbili. Jioni Muhire alikuja kuchukua karatasi, akatazama namba ya mwisho, akaona imetimia, akatia sahihi.

Mafundi walijenga kwa kufuata orodha. Walipomaliza arobaini na sita, msimamizi wao alisoma mstari uliofuata, akaona namba isiyo na mtu, akaagiza pale pasijengwe kitu, ila papimwe sawasawa na kwingine. Wakapima mita saba kwa nane, wakavuta kamba pande zote nne, wakaiangalia kama imenyooka, wakaikunja, wakahamia arobaini na nane.

Mwisho alikuja fundi Kadiri na kopo la rangi ya bluu kuandika namba juu ya milango. Alipofika penye pengo aliangalia karatasi, akainua brashi kiasi cha urefu wa mlango, akaandika nne, akaandika saba. Rangi ikashika hewani. Tone moja lilichuruzika chini ya saba, na Kadiri, ambaye hapendi kazi chafu, alilifuta kwa kitambaa kabla ya kusogea.

Siku ya kukabidhi, mwezi wa kwanza, Muhire aliita namba tu, maana majina yangechukua muda.

"Arobaini na saba!"

"Iko hapa!" Bushira alijibu, na binti zake nyuma yake na godoro kichwani.

Muhire, aliyekuwa anagawa funguo, akatazama karatasi, kisha akaweka mkono mtupu juu ya kiganja cha Bushira na kuuondoa.

"Bwana Muhire, nyumba iko wapi?"

"Namba unaiona?"

"Namba naiona."

"Haikuandikwa vizuri?"

"Imeandikwa muzuri."

"Donc?"

Watu waliokuwa karibu walitazama namba na kukubali kwamba kweli ilikuwepo. Bushira alisema maneno mengi, mengine ya soko. Muhire aliyasikiliza yote, kisha akaita arobaini na nane. Kijana wa Mukashyaka alikuwa tayari amehamishia kitanda chake sebuleni. Bushira akafagia mita zake saba kwa nane, akaweka jiko kona ya nyuma, akatandika godoro upande wa kushoto, akahamia.

Hakukaa mpweke, hilo kilima kizima kinajua. Donatille, mke wa Karekezi, alipokwenda kuchota maji alizunguka kwenye kona badala ya kukatisha, kwa kuwa si adabu kupita sebuleni kwa mtu. Wageni walisimama chini ya namba, wakapiga hodi, wakangoja kukaribishwa. Jioni palijaa kuliko nyumba zote, watu kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, umbea unapikwa pamoja na sambaza. Kando yake, arobaini na sita ilikuwa na bati jipya na tangi la maji, na kufuli ambalo halikuwahi kufunguliwa. Gasana alikuwa Kigali.

Mwezi wa pili walikuja wageni wa kukagua. Walisimama barabarani, wakahesabu namba kutoka moja mpaka sitini na tatu, wakapiga picha. Baada ya hapo ikatangazwa kwamba waliokosa nyumba kabisa wapeleke orodha mpya ofisini kwa katibu. Bushira alishuka Mbugangari mbio. Nziza akaandika jina lake katika faili jipya, peke yake, akaita amri. Jina halikuondoka. Moja, Bushira. Nziza akaichapa orodha ile nakala tatu.

Waliipeleka pamoja. Katibu kwenye dirisha alikuwa mtu mpole, aliyerejea kutoka Tanzania. Aliweka orodha mbili sambamba, akafuatisha kwa rula.

"Mama, wewe ndiwe unayeishi arobaini na saba?"

"Ndiye mimi."

"Basi umeshapata. Imehesabiwa." Akapiga mstari juu ya jina, kwa rula ile ile. "Pole sana. Usingekuwa na namba, tungekusaidia."

Mvua kubwa ya mwezi wa tatu ilianza siku ya Jumamosi alasiri, Nziza akiwa amekwenda kumtembelea. Wageni wengine waliaga, wakatoka kwa kupitia chini ya namba, wakakimbia. Donatille aliwaita mabinti waje kwake, na godoro lao. Kwenye bati la Gasana mvua ilipiga kelele nyingi, kiasi cha kulazimu watu wa jirani kupaza sauti. Ndani kwa Bushira ilinyesha bila kelele. Rangi ya Kadiri haikufifia.

"Dada," Nziza alisema, maji yakimtiririka usoni, "ni mi niliongeza b na a."

"Najua, sha. Mi ndiye nilikuambia weka." Bushira alifunika jiko kwa beseni, akarudi kwenye kigoda chake, akajikunyata. "Funga mulango basi, baridi inaingia."

Nziza akainuka, akasimama chini ya namba, akatafuta.

"Unafungukia upande gani?"

"Wa ndani."

Nziza akaurudisha taratibu mpaka ukashika, akaja kukaa. Mvua iliendelea kunyesha humo ndani.