Kifungu cha Saba

"Shemeji, diski yako imepitwa," Kipkurui alisema, miguu yake juu ya kiti changu. "Katiba nimeshaipeleka mbele. Futa hiyo yako."

Nilimwomba Mungu anifunge mdomo. Hakuufunga.

"Futa wewe!"

Ilikuwa jioni, mwaka wa tisini na saba, katika chumba cha kanisa pale Sigowet tulikofundishwa kompyuta. Katiba mpya ya kikundi chetu cha wakulima wa chai ingesomwa Jumamosi. Kamati ilikuwa imegawa kazi: Kipkurui, mdogo wa marehemu mume wangu, arekebishe habari za mizani na usafiri, mimi, habari za uanachama. Kila mmoja alinakili katiba ya zamani kwenye diski yake akaenda zake. Mchana nilichuma chai, jioni nikatafuta herufi kwa kidole kimoja.

Kifungu cha saba kilikuwa maisha yangu. Niliandika kwamba mjane ataendelea kuuza chai kwa namba ya uanachama ya mumewe bila kuomba sahihi ya mtu. Tangu tumzike mume wangu, Kipkurui alitaka namba ile iwe yake.

Mwalimu wetu, Valary, alifungua diski zote mbili. Ya Kipkurui ilikuwa imetangulia, na kamati ilishaipokea bila kuisoma hadi mwisho.

"Hatutupi kazi ya mtu," alisema. "Ya Kipkurui iwe msingi. Mabadiliko ya mama tunayaweka juu yake, moja moja. Yakigongana tunasimama, tunaamua, tunahifadhi, tunaendelea."

Hilo nililielewa. Ni kama kutoa miche ya chai kitaluni na kuipeleka kwenye shamba ambalo mwingine amelilima upya. Humwagi kitalu chote shambani. Mche mmoja, shimo moja.

Kifungu cha tatu kikaingia bila shida. Kwenye cha tano tuligongana juu ya siku ya mkutano, nikamwachia yake. Kufika cha saba, Valary akaelekeza kidole kwenye kioo cha kompyuta. Sentensi ile ile niliyoibadilisha, Kipkurui naye alikuwa ameibadilisha: mjane atauza chai kupitia ndugu wa marehemu.

Damu ilinipanda. "Nani alikutuma kwenye uanachama? Wewe ulipewa mizani!"

"Nilikuwa nasaidia tu, shemeji."

"Unanisaidia kwa kuninyang'anya majani?"

"Basi acha zote mbili," alisema akicheka. "Watu watachagua wenyewe."

"Umewahi kuona nani akipanda miche miwili shimo moja? Yote inadumaa. Mmoja unang'olewa!"

"Kifungu hiki kamati ilimpa nani?" Valary aliuliza.

Kipkurui aliondoa miguu yake kwenye kiti changu.

Nikaifuta sentensi yake, herufi kwa herufi, kwa kidole kile kile. Yangu ikabaki. Valary akahifadhi.

Kipkurui aliruka, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Haya, soma sasa!"

"Tulishahifadhi," Valary alimjibu, akanipa diski.

Niliitia ndani ya Biblia yangu. Darasa letu hufungwa kwa maombi, na Valary akaniomba niombe. Kipkurui alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Bwana," nikasema, "asante kwa kifungu cha saba. Shemeji yangu nitamwombea kesho. Leo usiniulize. Amina."