Kilicho Ndani ya Kamba

Jana usiku nililala na hasira, na usingizi uliponichukua nikaota gugu karoti limekaa jikoni kwetu, kwenye kigoda cha mama, linakunywa chai ya maziwa.

Sikushangaa. Gugu hilo nalifahamu kuliko ninavyowafahamu shemeji zangu. Mimi ni mmoja wa wanakijiji tuliojitolea kupiga picha za mimea vamizi kwa simu na kuzituma kwenye mradi wa utafiti. Nimelipiga gugu karoti likiwa mche, likiwa na maua meupe, likiwa na mbegu, na kila picha nimejibiwa: Asante kwa mchango wako. Hakuna aliyewahi kuja kuling'oa. Picha zetu zilikuwa dua la kuku, na mwewe ndiye aliyekuwa akipigwa picha.

Aliyekuja ni Bwana Lukindo, mratibu wa mradi. Alizungusha kamba ya bluu kwenye kipande cha shamba la mama, nyuma ya zizi, akasema kilicho ndani ya kamba kisiguswe, tusije tukaharibu vipimo. Mama aling'oa gugu shamba zima hadi mikono ikamtoka vipele, ila ndani ya kamba hakugusa. Mbegu zikapeperuka kutoka humo, zikaota upya kila alipong'oa. Sasa ng'ombe wetu, Subira, analila, na maziwa yake ni machungu hata watoto wa jirani wanayatema.

"Chai chungu," gugu likasema.

"Ni wewe huyo," nikaliambia.

"Najua. Nipige picha, lakini upande huu. Upande ule nimeshatoka sana."

Nikalipiga. Nilijichukia, lakini ndiyo kazi niliyofundishwa. Simu ikajibu kwa sauti ya Bwana Lukindo, asante kwa mchango wako, na gugu likarefuka mbele ya macho yangu.

Kisha jikoni si jikoni tena. Tuko nyuma ya zizi, jua kali. Kamba ya bluu imekaa juu ya kigingi, imekunja nne, na inaniarifu kwa upole kwamba imepata kibali cha kupanuka. Inateremka, inapita nyuma ya Subira, inafunga mduara. Subira yuko ndani.

Nachukua ndoo nikamkamue. Kamba inanizuia.

"Huyu ni ng'ombe," nasema.

"Alikuwa ng'ombe. Sasa ni kipimo."

Subira ananiambia kiwele kinamuuma, kisha anaendelea kutafuna gugu kwa sababu hakuna kingine.

Kamba inazidi kupanuka. Inachukua zizi, banda la kuku, kaburi la baba. Inamkuta mama ameinama anang'oa, inampita, na mama naye yuko ndani. Gugu linachipua katikati ya vidole vyake vya miguu, linampanda magotini.

"Eliakunda, mwanangu," mama anasema, "nipe maji."

Nanyoosha mkono na kikombe. Kamba inasema kilicho ndani hakiguswi, ila naruhusiwa kupiga picha. Namwita Bwana Lukindo, naye anatoka mfukoni mwangu, mfupi kama kalamu, na futi ya kupimia begani. Anampima mama. Gugu limefika kiunoni, na Bwana Lukindo anafurahi, anasema haya ni matokeo mazuri sana.

Namwambia kwamba mama ana kiu. Anajibu kwamba kiu lazima ithibitishwe na watu wawili.

"Mimi nathibitisha."

"Huyo mmoja."

"Na mama mwenyewe."

"Kipimo hakijithibitishi," anasema.

Gugu linainua jani. Linasema liko tayari kusaidia, maana halina kinyongo na mtu. Linamtazama mama usoni, linathibitisha kwamba hana kiu. Bwana Lukindo analiambia asante kwa mchango wako.

Hapo hasira zikanipanda mpaka utosini. Sikulikasirikia gugu, gugu ni gugu, halijawahi kuahidi kuwa mchicha. Niliukasirikia ule mradi uliotuomba macho, kisha mikono yetu ukatuambia tuiweke nyuma. Nilijikasirikia na mimi, niliyeiweka nyuma huku mama anajikuna usiku kucha.

Nikaitupa simu. Nikapiga magoti, nikaiuma kamba.

"Unaharibu takwimu," kamba ikasema.

"Naharibu," nikajibu, mdomo umejaa.

Bwana Lukindo akaanza kunieleza umuhimu wa uvumilivu. Mimi nikatafuna. Kamba ilikuwa chungu, uchungu uleule wa maziwa yetu. Gugu lilikuwa limefika kifuani kwa mama, naye alikuwa bado ananitazama, haombi tena. Nikatafuna hadi ikakatika, na nikaamka.

Kumekucha. Taya zinaniuma. Kuna kitu kimenasa kwenye meno ya mbele. Nikakivuta kwa kucha, nikakuta ni uzi mwembamba wa nailoni, wa bluu.

Nikatoka hadi nyuma ya zizi. Mama alikuwa amesimama pale, jembe mkononi. Kamba ilikuwa imelala chini, imekatika mahali pamoja, na ncha zake zilikuwa zimelowa. Akaniuliza nani ameikata. Nikamwonyesha ule uzi. Aliutazama, akautazama mdomo wangu.

Nikamwambia Bwana Lukindo atakuja juu, atataka kujua ni watu gani wawili waliothibitisha kwamba gugu hili ling'olewe.

Mama akatoa mifuko ya plastiki kwenye khanga yake, akanipa miwili nivae mikononi, akajivalisha miwili juu ya vipele vyake.

"Mimi nimethibitisha," akasema. "Na wewe?"

"Nimethibitisha, mama."

"Basi tuko wawili."

Akavuka pale kamba ilipokuwa, akainama, akalishika la kwanza shingoni.