Tawi Kwenye Sufuria

...nusu saa tangu maji yaanze kutokota, si tangu nilitie tawi, ndivyo alivyosema daktari wa wanyama, na ncha hii bado inaelea, izame nayo, geuza, haya, maji yamekuwa kama chai ya rangi, kumbe tawi kavu lina uchafu wote huu, na mkono wangu unajiendea wenyewe kwenye chupa ya dawa ya kusafishia chini ya sinki, wee mama, tulia, rudisha mkono... miaka kumi na tisa napiga deki wodini, msimamizi akiingia hatazami sakafu, ananusa, isiponuka dawa hujasafisha, basi lile tawi la kwanza, la mwaka jana, nililiroweka kwenye dawa kutwa nzima, nikalitia kwenye sanduku la kioo la mjusi wa mwanangu likinuka vile vile, nikajisifu, siku ya tatu mjusi yuko chini ya taa yake, mdomo wazi, amekufa... watoto wa wenzangu wanafukuza mijusi kwa ufagio, kitindamimba wangu anaiwashia taa, nilikuwa namcheka, lakini siku ile alivyolia sikucheka, akaniuliza tawi nililisafisha na nini, nikasema maji tu, mdomo huu huu, maji tu, naye akaamini aliokota mti wenye sumu, mwaka mzima sanduku likakaa tupu, mpaka juzi daktari alipompa mjusi mwingine, na sasa mwanangu amekaa mezani nyuma yangu anaandika maagizo ya daktari, chemsha, suuza, anika juani mpaka likauke kabisa, nusa...

"Mama, safari hii nimeuliza watu watatu ni mti gani. Sitaki kuua tena."

...kuua, ana miaka kumi na miwili, anasema kuua kama mtu aliyekwisha hukumiwa, wanasema ya kale hayanuki, hili linanuka, limenikaa puani mwaka mzima, nikimwambia hatanipa tena mjusi wake nimshike, asinipe, nani kamwambia mzazi hakosei, sema, sema kabla hujapoa...

"Hukumuua wewe. Niliroweka tawi kwenye dawa ya wodini, nikakudanganya. Nisamehe, mwanangu."

...kalamu imesimama, simgeukii, naogopa, aibu imenijaa hadi masikioni, kiti kinaburuzwa, anaondoka, haondoki, yuko hapa ubavuni...

"Nilidhani mikono yangu ndiyo mibaya," anasema, taratibu, macho kwenye sufuria.

...mwaka mzima, Mungu wangu, mikono hii midogo, ananipokonya mwiko, amenuna, ana haki ya kununa, anune hata mwezi, lakini ncha inayoelea anaizamisha yeye mwenyewe, bila kusitasita, nami namwachia, bado dakika kumi, maji yanatokota.