Sensa ya Mafuta

Kitu cha kwanza alichokigundua Bubu ni kwamba gari la mama yake lilikuwa linaona njaa. Likitoka kujazwa petroli, lilipanda kilima cha sokoni kwa jeuri, likinguruma na kung'ang'ania gia kama mtu aliyekatazwa kuiachia. Tanki likishuka, jeuri yote iliisha. Gia zilibadilika upesi mno, kilimani zikaanza kuteleza, injini ikapiga kelele na matairi yakawa hayana habari. Kisha gia ilishika ghafla, kwa kishindo, na huko nyuma trei za mayai zikagongana.

Hakumwambia mtu. Hata jina lake alilipata hivyo, kwa kutomwambia mtu. Ulimi alikuwa nao, mzima kabisa, lakini kaka yake alimwita Bubu tangu utotoni, na jina likitoka kinywani mwa kaka yake lilikuwa limeshatoka.

Kaka huyo naye alikuwa na lake: Injinia. Alijipa mwenyewe, na watu wa gereji alikofanya kazi wakalikubali kwa kuchoka kubishana.

Mama alikuwa anapeleka mayai madukani kwa pikapu hiyo tangu Bubu akiwa mtoto wa mgongoni. Ilikuwa pikapu kuukuu, injini ya kabureta, gia za mkono. Goti la kushoto la mama lilipoanza kumsaliti, klachi ikawa adhabu. Kila wakisimama kwenye mataa, Bubu alimwona anauma midomo. Hapo ndipo Injinia alipokuja na wazo lake.

"Mama, nakuwekea otomatiki. Mguu wa kushoto utakaa tu kama bibi harusi."

Wazo lilikuwa zuri, Bubu hakumnyima hilo. Gia zilitolewa kwenye gari jipya lililopata ajali, gia za kompyuta, zenye boksi dogo la kuziamrisha. Kazi ilikuwa kuzikutanisha na injini ya kizamani. Boksi haliwezi kuamua gia gani iingie bila kujua dereva amekanyaga kiasi gani, na kwenye lile gari la ajali injini ndiyo iliyokuwa inaliambia. Kabureta haiambii mtu kitu. Ni waya, springi na kilango cha hewa, basi. Kwa hiyo ilitakiwa sensa, kidude cheusi cha plastiki kinachofungwa ubavuni mwa kabureta, ili kilango kikifunguka nacho kizunguke na kupeleka habari kwenye boksi.

Bubu aliyajua hayo kwa sababu fundi umeme, yule wanayemwita Shoti, alimweleza kwa simu. Shoti alikuwa na kazi mbali. Injinia mikono yake ilikuwa imejaa grisi, akamwamuru dada yake apokee.

"Mwambie kaka yako waya wa kijani ni wa sensa ya mafuta," Shoti alisema. "Mafuta ya kukanyaga, dada, siyo mafuta mengine. Sensa yenyewe nimemwachia kwenye mfuko, aifunge kwenye kabureta."

Bubu akageuka. "Kasema waya wa kijani ni wa sensa ya mafuta. Mafuta ya..."

"Nimesikia."

"Ya ku..."

"We Bubu! Leo ndiyo umepata sauti? Sensa ya mafuta, nimesikia. Mimi nimeanza kufungua injini wewe bado unanyonya."

Mafundi wengine wakacheka. Bubu akameza maneno yaliyobaki, akaweka simu juu ya benchi, akaenda kukaa kwenye tairi.

Gia zikafungwa. Mama alilia kwa furaha siku ya kwanza, akaendesha kuzunguka mtaa mzima mguu wa kushoto umetulia. Halafu gari likaanza kuona njaa, mayai yakaanza kuvunjika, na wenye maduka wakaanza kununa.

Injinia alikuja nyumbani, akainama nyuma ya pikapu, akatazama ute uliotapakaa kwenye bodi.

"Mama, wewe unakanyaga kama unaua mende."

"Nakanyaga kama siku zote, mwanangu."

"Ndiyo hapo sasa! Otomatiki inataka mguu mwepesi. Lete ufunguo nikuonyeshe."

Akaondoka na gari. Kabla ya kilima alipita kituo cha mafuta akajaza tanki mpaka juu, maana yeye, alisema, hapimi gari kwa harufu ya petroli. Gari likapanda kilima likinguruma kama simba. Akarudi anachezesha ufunguo kidoleni.

"Mmeona? Gari zima. Mguu ndio mbovu. Sikiliza, mama, umefanya kazi ya kutosha. Nitarudisha gia za mkono, pikapu nitaichukua mimi, mayai nitapeleka mimi. Wewe pumzika."

Ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Hakuuliza mtu.

Jioni ile Bubu aliingia jikoni kuchukua sufuria akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, kiatu cha kulia amevua. Mbele yake alikuwa amekunja tambara la kudekia. Alikuwa analikanyaga kwa ncha ya mguu, taratibu, analiachia, analikanyaga tena. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Pole pole. Pole pole. Mwanamke aliyeendesha gari kabla mwanawe hajajua kufunga kamba za viatu alikuwa anajifunza upya kukanyaga, kwenye tambara.

Bubu alirudi kinyumenyume, sufuria akaiacha. Usiku kucha maneno yalimpanda na kumshuka kooni, na asubuhi bado yalikuwapo.

Asubuhi hiyo mama alikwenda gereji amebeba turubai na kamba za kufungia trei. Alikuwa anakwenda kuzikabidhi. Bubu alimfuata nyuma. Shoti alikuwa amerudi, ameegemea pikapu, anapuliza chai kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo, mama. Gia zinasemaje?"

"Marahaba. Gia hazina neno, mwanangu. Mguu wangu ndio umechoka."

Alisema hivyo kwa upole, anatabasamu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia na viatu vyenye tope. Tabasamu lile Bubu hakuweza kulivumilia.

"Kaka Shoti," alisema, na sauti ikatoka nyembamba mno, akaanza upya. "Kaka Shoti. Geji ya mafuta na gia vinajuana?"

"Vijuane wapi?"

"Tanki likijaa gari linakuwa na nguvu. Likipungua, gia zinateleza. Kila mara."

Injinia alitoa kichwa kutoka kwenye boneti la gari jingine. "Makubwa haya! Bubu naye ni fundi siku hizi!"

Lakini Shoti hakucheka. Aliweka kikombe chini, akalala chali, akaingia uvunguni. Wakasikia vidole vyake vikifuata waya, kisha sauti yake.

"Injinia. Huu waya wa kijani mbona unaelekea nyuma?"

"Unakwenda kwenye sensa ya mafuta. Si ulisema mwenyewe?"

Uvunguni kukatoka kicheko cha mtu anayekaribia kulia. "Umeufunga kwenye geji ya tanki! Jamani! Boksi linadhani tanki ndilo mguu! Tanki likijaa, boksi linajua mama kakanyaga mpaka chini. Likipungua, linajua mama kaondoa mguu, nalo linalegeza gia katikati ya kilima!" Akatoka, mgongo umejaa vumbi. "Na sensa yangu iko wapi? Ile nyeusi, niliyokuachia kwenye mfuko?"

Bubu alinyoosha kidole. Kwenye mkanda wa kaka yake ulining'inia ufunguo wa pikapu, na pete ya ufunguo ilikuwa imepitishwa kwenye tundu la bolti la kidude cheusi cha plastiki.

Gereji nzima ililipuka. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. "Injinia kaitundikia ufunguo! Mama wee!"

Injinia uso ulimvimba. Akatazama huku na huku akitafuta pa kuutua mzigo, akamwona dada yake.

"Huyu ndiye alileta ujumbe! Alisema sensa ya mafuta, basi, hakusema zaidi. Ujumbe ukipitia kwa Bubu mnategemea ufike mzima?"

Na mama, aliyezoea kuzima moto wa watoto wake, akamshika Bubu mkono, akamgeukia Injinia. "Basi, mwanangu. Ni mtoto, alikosea, hakukusudia. Yaishe."

Bubu aliutoa mkono wake, pole pole.

"Sikukosea," alisema. Kicheko kikafa, maana hakuna pale aliyewahi kumsikia akisema kwa sauti hiyo. "Nilisema 'mafuta ya', ukanikatiza. Nikasema 'ya ku', ukanikatiza tena, wakacheka. Ya kukanyaga, kaka. Ndiyo yalikuwa yamebaki. Mafuta ya kukanyaga. Mama jana alikuwa jikoni anakanyaga tambara. Mtu mzima, anafanya mazoezi kwenye tambara, kwa sababu umemwambia mguu wake mbovu na yeye akakuamini. Mguu wake hauna kosa. Mama hajazeeka. Wewe ndiye unataka azeeke, ili pikapu iwe yako."

Akanyoosha kiganja, hakukirudisha.

"Lete ufunguo wa mama. Pamoja na hicho kidude."